Televisheni ya Mahali

Dada yangu alinipigia simu saa mbili asubuhi, ndio kwanza nafungua kibanda changu cha ufundi hapa mjini Bukoba. Hakunisalimu.

"Ile televisheni ya kwenye boti nataka itoke. Weka flati. Ila kanda iliyomo ndani unitolee nzima."

"Shikamoo kwanza, dada."

"Marahaba. Wiki hii, sio wiki ijayo." Akakata.

Ndivyo alivyo. Amenizidi miaka tisa na amenibeba mgongoni, kwa hiyo hajawahi kuona sababu ya kuniomba kitu, huniagiza tu. Mimi nami nina hasira za karibu, mke wangu atakwambia, nyumba yetu iko hapo Kibeta na majirani wananisikia. Lakini kwa dada yangu hasira zangu zikifika mlangoni huvua viatu. Nikasema sawa, nikaanza kutafuta bisibisi.

Boti ilikuwa ya marehemu mume wake. Inabeba abiria na mizigo kutoka mwalo mmoja, bandari ya wavuvi, wa upande wa Muleba kwenda visiwani, na ndiyo inayomlisha dada pale Kagoma, pamoja na kahawa na migomba ya kwenye kibanja, shamba la nyumbani. Siku hizi kuna boti nyingine pale mwaloni, ina flati kubwa inayoonyesha mpira, na abiria ni watu wa ajabu, wanaweza kuacha boti yenye injini nzima wakapanda yenye televisheni nzuri. Nahodha wa dada alikuwa amelalamika mpaka amechoka.

Televisheni ya zamani ilikuwa chogo, zile zenye mgongo mrefu nyuma, na chini ya kioo chake ilikuwa na deki ya kuchezea kanda za video, vyote ndani ya boksi moja. Enzi zake ilikuwa mali. Shemeji aliijengea kabati la mninga ndani ya kibanda cha abiria, akapigilia misumari kila upande kama anayeogopa itaruka majini. Na humo ndani ya deki kulikuwa na kanda iliyokwama kwa miaka kumi na sita.

Ile kanda tuliiita ya Mahali. Ilirekodiwa siku ilipoletwa mahari ya binti pekee wa dada yangu, na mpiga picha, Mhaya mwenzetu, aliandika ubavuni kwa kalamu nene: MAHALI. Sisi r na l hutuchanganya tangu darasa la kwanza. Nilimcheka shemeji, "Mahali gani sasa?" naye akajibu, "Mahali palipoletwa televisheni." Jina likabaki. Na kweli, ile televisheni yenyewe ilikuja siku hiyo. Ilikuwa kwenye mahari.

Jioni dada alipiga tena. Safari hii sauti yake ilikuwa ya chini.

"Nataka kusikia alivyosema," akaniambia. "Siku ile alipoulizwa. Nataka nisikie kwa masikio yangu kabla sijafa."

Hapo sina budi kueleza. Kwetu binti hatolewi hivi hivi. Wageni wakishakaa, vitu vikishapangwa, baba anashika kibuyu chenye mrija. Sisi ni Walutheri na mchungaji alikuwepo, kwa hiyo ndani mlikuwa na maji ya ndizi yasiyochacha, watu wakanong'ona kwamba kibuyu kimeokoka. Binti analetwa, anapiga magoti, na baba anamuuliza mbele ya wote: "Mwanangu, hawa watu unawajua? Ninywe, nisinywe?" Akisema "Eego," yaani ndiyo, baba anakunywa na mambo yamekwisha. Asiposema, kibuyu kinawekwa chini, wageni wanabeba vitu vyao wanarudi. Hiyo ndiyo sheria, nzuri kabisa.

Ila juu ya sheria hiyo kuna nyingine. Binti aliyelelewa vizuri hutazama chini. Hajibu haraka, na sauti yake haitakiwi kufika mbali. Akijibu kwa nguvu watu watasema huyu amezoea wanaume. Basi mabinti zetu hujibu kama mtu anayepuliza chai, na wazee huinama kusikiliza, na mara nyingine hawasikii kitu, wanaridhika na midomo kucheza. Sijui ni nani aliyetutungia sheria ya kumuuliza mtoto swali tukaweka na nyingine ya kumfundisha asijibu.

Mpwa wangu alikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi ndiye niliyekaa karibu naye kuliko wote, kama mjomba wake. Na nilivyokumbuka mimi, na nilivyosimulia kwenye harusi nyingine nyingi kwa kumsifu, alisema "Eego" ndogo, tamu, kama kifaranga, nami nikawatangazia waliokuwa mbali. Watu wakapiga vigelegele. Shemeji akanywa.

Mume alikuwa mchuuzi wa samaki visiwani, mtu mzima kumzidi, mwenye pesa na maneno machache. Alimchukua akaenda naye kisiwani. Shemeji akaiweka ile televisheni kwenye boti, na kwa mwaka mzima aliwaonyesha abiria kanda ya mahari ya binti yake, safari baada ya safari, sauti ikimezwa na injini, mpaka deki ikaitafuna kanda na kuing'ang'ania. Mimi sikuwahi kuitazama, nilijaribu tu kuitoa mara moja. Shemeji aliona navuta kwa nguvu, akanisukuma mkono: "Acha! Utaikata. Iache humo humo, itakaa salama."

Mwaka wa pili binti alirudi nyumbani Kagoma. Alikuja bila mzigo, jicho moja limevimba mpaka limefumba. Shemeji akaniita nije haraka, mjomba lazima awepo. Tulikaa sebuleni, shemeji, mimi na yeye. Dada alikuwa anaingia na kutoka na chai isiyonywewa na mtu.

"Sirudi," mpwa wangu alisema.

Shemeji hakupiga kelele. Ningependa kusema alipiga kelele. Alisema taratibu, "Hakuna aliyekulazimisha. Ulisema ndiyo mbele ya watu na mbele ya mchungaji. Kanda ipo."

"Mimi sikusema."

"Kanda ipo, mwanangu."

"Kanda imekwama. Iwashe basi tuone." Kisha akanigeukia mimi na lile jicho moja. "Mjomba, wewe ulikuwa karibu yangu kabisa. Nilisema?"

Nikamjibu, "Ulisema. Nilikusikia kwa masikio yangu haya."

Sikuwa najua kwamba nadanganya. Hilo nalisema si kwa kujitetea, Mungu anajua. Nilikuwa nimeisimulia ile "Eego" mara nyingi mno hata nikawa naisikia. Tena nilimkasirikia. Nilimwambia ndoa sio gauni, huwezi kulirudisha dukani kwa sababu limekubana. Nikajiona nimesema jambo la busara. Kesho yake asubuhi tukamsindikiza mwaloni, akapanda boti ya baba yake, akaketi chini ya ile televisheni iliyozimwa. Hakunipungia mkono.

Baada ya miezi kama minane tukaletewa mwili. Tuliambiwa aliugua siku mbili. Homa, wakasema. Dada yangu ndiye aliyemwosha mwanawe, yeye na mama mmoja wa jirani, na walipotoka chumbani yule mama alikwenda kutapika nyuma ya migomba. Dada hakuniambia alichokiona na mimi sikuuliza. Jamani, sikuuliza. Tulimzika kwenye kibanja, kati ya migomba miwili ya matoke, na mumewe alitupa udongo akaondoka na boti ya mchana.

Shemeji aliishi miaka iliyobaki kwa sentensi moja. "Alisema mwenyewe." Ukimkuta kwenye kahawa, ukimkuta kanisani, maongezi yakikaribia huko tu, anasema, "Alisema mwenyewe," na kunitazama, nami naitikia, "Alisema." Hiyo kanda iliyokwama ilikuwa shahidi wetu. Shahidi mzuri sana, asiyeweza kuongea. Baadaye shemeji naye akafa.

Kwa hiyo dada aliposema anataka kusikia, nilidhani nimemwelewa. Nikajiambia mama huyu akimsikia mwanawe akisema "Eego" kwa kinywa chake, atapumua. Nikanunua flati ya kadiri na chuma cha kuishikilia ukutani, nikapanda gari la Muleba alfajiri.

Boti ilikuwa imefungwa mwaloni, nahodha amekaa ukingoni anatafuna punje za kahawa. Alinionyesha kibanda cha abiria. "Fundi, una mpaka saa saba. Saa nane napakia. Hao wa flati kule wameshaanza kuita watu."

Kazi ilikuwa ya jasho. Mbao zilikuwa zimevimba kwa unyevu wa ziwa, misumari imeoza kichwa imebaki mwili. Shemeji alijenga kabati televisheni ikiwa ndani, hakuacha mlango wa kuitolea. Kuitoa ilibidi nivunje. Nikavunja. Kila pigo la nyundo nahodha alisema "Pole, mzee," akimwambia marehemu. Nyuma ya chogo nilikuta mayai ya mende, kutu, na risiti ya tiketi iliyofutika maandishi. Niliitoa ile televisheni kwa kuikumbatia, nzito ajabu, nikaiweka sakafuni, na boti ikayumba kidogo. Flati niliimaliza kwa saa moja. Nyepesi, unaishika kwa mkono mmoja. Nahodha akaiwasha, muziki ukapiga, na watu waliokuwa ufukweni wakageuza shingo.

"Sasa tumekuwa watu," akasema.

Chogo nilirudi nalo Bukoba nikiwa nimelipakata mapajani.

Kesho yake nilifungua deki kibandani kwangu. Nililegeza skrubu moja moja, nikakata kile kilichotafunwa, nikaunga kwa gundi ya karatasi. Kidogo tu kilikuwa kimeharibika, mwanzoni kabisa, wageni wanaposhuka kwenye gari. Nikaihamishia kwenye ganda la kanda nyingine. Deki nzima ninayo moja, ya mwalimu mmoja mstaafu ambaye hajawahi kuja kuichukua. Nikaweka, nikabonyeza.

Ilikuwa adhuhuri, mvua inapiga bati. Picha ilikuja na mikwaruzo, kisha ikatulia.

Nilimwona shemeji, mwembamba, ana nywele. Nilimwona mpwa wangu akiletwa. Nilikuwa nimesahau alivyokuwa mdogo. Akapiga magoti. Shemeji akauliza, "Hawa watu unawajua? Ninywe, nisinywe?"

Akatazama chini. Mdomo haukucheza. Niliusogelea uso wake mpaka pua yangu ikagusa kioo, na mdomo haukucheza. Shemeji akauliza tena. Binti akainua uso kidogo, akatazama kulia, kule kwenye mlango wa jikoni, kama anayemtafuta mtu. Akatikisa kichwa. Kidogo sana, mara moja, kushoto na kulia. Hakuna ambaye angeona kama hakuwa karibu naye au hakutazamana naye.

Mimi nilikuwa karibu naye. Na kwenye picha nilikuwepo, shati langu la bluu, lakini sikuwa namtazama. Shingo yangu ilikuwa imegeukia upande wa vitu vilivyoletwa. Nilikuwa natazama boksi la televisheni. Nakumbuka sasa. Sikuwahi kuona yenye deki ndani yake, nilikuwa nawashwa mikono kuifungua, na sherehe ilikuwa inachelewa, na njaa inauma. Bila hata kugeuka nikasema kwa sauti ya furaha: "Eego! Amesema, eego! Anaona aibu tu, mzee, kunywa!"

Vigelegele. Shemeji akanywa.

Niliangalia mara tano au sita. Kisha nilifanya jambo ambalo nimelificha mpaka leo. Nilichukua mkasi. Nilitafuta pale baba anapomaliza kuuliza mara ya kwanza, nikakata. Nikatafuta vigelegele vinapoanza, nikakata tena, nikaunga. Kipande kilichobaki mkononi kilikuwa kifupi, hakizidi mikono yangu miwili ikinyooshwa. Nikakitia kwenye jiko la mkaa. Kilijikunja, kikanuka, kikaisha. Nilijiambia namhurumia dada.

Dada alikuja siku iliyofuata. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Alifungua kifurushi cha jani la mgomba, akanipa kahawa ya kutafuna kama mtu aliyekuja ugenini, nikapokea kwa mikono miwili.

"Humu kunanuka plastiki," akasema.

"Mambo ya ufundi, dada. Keti."

Akaketi kwenye kreti la soda. Nikabonyeza. Alipomwona mwanawe akiletwa, alishika goti lake mwenyewe kwa nguvu. Hakulia. Shemeji akauliza, "Ninywe, nisinywe?" Picha ikaruka. Vigelegele.

"Amesema saa ngapi?"

"Hapo ndipo deki ilipoitafuna. Bahati mbaya tu. Lakini unaona baba yake anakunywa. Angekunywaje kama hakusema?"

"Rudisha."

Nikarudisha. Swali, kuruka, vigelegele.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu aliniambia zima, nikazima. Mvua ilikuwa imekatika na bodaboda zilikuwa zimeanza kuita wateja nje. Dada alikuwa bado anatazama kioo cheusi.

"Siku ile nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, nimeshika sinia," akasema. "Alinitazama. Nilimwona alivyotikisa kichwa. Na nilisikia aliyejibu, mdogo wangu. Sauti yako naijua tangu unalia kwenye nepi."

Nikaanza kuokota skrubu mezani.

"Nami nilinyamaza. Siku ile nilinyamaza, na alipokuja na lile jicho nikanyamaza, nikabeba chai. Nilimwogopa baba yake, niliogopa aibu, sijui niliogopa nini. Kwa hiyo usidhani nimekuja kukuhukumu. Nilitaka tuisikie wote wawili, mimi na wewe. Halafu twende pale kwenye migomba tukamwambie, mwanetu, ulikuwa unasema kweli. Ni hilo tu. Baba yake alipokuwepo lisingewezekana." Akanyoosha mkono. "Nipe hicho ulichokikata."

"Dada..."

"Nipe. Hata kama hakichezi, nitakishika tu mkononi."

Nikatazama jiko. Naye akalitazama. Akavuta pumzi kwa pua, ile harufu, na nikaona inamfikia. Alisimama taratibu, akajifuta gauni nyuma, akachukua kanda yake na kuiweka kwenye mkoba. Mlangoni akageuka.

"Umemjibia tena," akasema.

Hapigi simu siku hizi. Habari zake nazipata kwa nahodha, ambaye anasema flati inafanya kazi vizuri na abiria wamerudi. Kaburini alikwenda peke yake. Mimi sijaenda, kwa sababu nikifika nitamwambia nini bila ushahidi, na nani ataniamini mimi. Basi nimeandika hapa kile kilichokuwa kwenye kipande nilichokichoma, vile vile kilivyokuwa, asije mtu akasema deki iliitafuna. Aliulizwa mara mbili. Alimtazama mama yake. Alitikisa kichwa. Hakusema.